Baiskeli ya kwanza ya mbio: bajeti ilianza 800,000, sasa inavutika hadi 1,400,000. Niikomeshe wapi?

Kanyagia_Ntinda (mwenye uzi)

Ndugu zangu, habari za leo. Natafuta baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza, ile ya usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Nilipanga shilingi 800,000. Kila ninapouliza naambiwa "ongeza kidogo tu upate kitu cha maana", na sasa nimefika 1,400,000. Hapo mfuko umekauka kabisa.

Urefu wangu sm 172, uzito kilo 78. Siku za kazi ni Ntinda kwenda mjini Kampala na kurudi, Jumamosi barabara ya zamani ya Entebbe, na nikishazoea nataka Jinja, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi.

Nimeona mbili, zote mitumba:

A: alumini, seti ya gia ya Shimano Sora yenye gia 9 nyuma, fremu 56, bei 850,000.
B: kaboni, seti ya gia ya Shimano 105 yenye gia 10 nyuma, meno ya mbele 53/39, kaseti (gia za nyuma) yenye meno 12-25, fremu 58, bei 1,350,000. Muuzaji anasema kaboni ni nyepesi, na ukubwa "utauzoea".

Moyo uko kwa B. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

FundiSpoki_Jinja

Kaka, weka kaboni na 105 pembeni kwanza. Kutoka sakafuni hadi kwenye msamba una sentimita ngapi? Hiyo ndiyo namba inayoamua, na haiongezi hata shilingi moja kwenye bajeti.

Pima hivi. Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta, nyayo ziachane kama sm 15. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya mapaja na ukivute juu kwa nguvu, kama vile tandiko linavyokubeba. Mwenzako aweke alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ukizidisha kwa 0.66 unapata ukubwa wa fremu wa kuanzia. Ukizidisha kwa 0.883 unapata urefu wa tandiko, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu, si ya pedeli yenyewe) hadi juu ya tandiko.

Mtu wa sm 172 mara nyingi ana mguu wa 79 hadi 82. Tuseme 80: fremu ni 52.8, yaani 53 au 54, na tandiko ni sm 70.6. Kwa hesabu hiyo B imeshatoka, na A imesimama mlangoni.

Fremu kubwa haizoeleki. Fremu ndogo kidogo inarekebishika: unapandisha nguzo ya kiti (usivuke mstari wa mwisho uliochorwa juu yake) na unaweka shingo ya usukani (kipande kinachounganisha usukani na baiskeli) iliyo ndefu zaidi kwa mm 10 au 20. Fremu kubwa haipunguzwi. Ukiweka shingo fupi ya mm 70 usukani unakuwa mwepesi mno na unayumba ukiteremka, na bado mikono imenyooka. Baada ya saa moja viganja vinakufa ganzi, shingo yako inakaza na unaanza kuteleza kwenda kwenye ncha ya tandiko. Watu hulaumu tandiko, wakanunua lingine, kumbe ni fremu.

Jambo jingine: namba iliyobandikwa kwenye fremu haiaminiki peke yake. Fremu yenye bomba la juu linaloshuka kuelekea nyuma inaweza kuandikwa 54 na bomba la kiti likawa na sm 50 tu. Pima mwenyewe mstari wa usawa, kutoka katikati ya bomba la usukani hadi katikati ya nguzo ya kiti. Kwa mwili wako tafuta sm 53 hadi 55.

Kanyagia_Ntinda

Nimepima mara tatu: 80, 80.5, 80. Jioni hii nimeenda na futi kwa A, mstari wa usawa ni sm 57. B sikuipima, muuzaji alikuwa ameshafunga.

FundiSpoki_Jinja

Basi zote mbili si zako. Waachie wenye miguu mirefu.

GololiTororo

Naongezea kuhusu kaboni kwa ajili ya wengine watakaousoma uzi huu, maana mitumba ya kaboni inazidi kuingia. Kaboni si mbaya. Tatizo ni kwamba alumini na chuma huonyesha kidonda chao, ilhali kaboni inaweza kukificha chini ya rangi. Ukiangalia ya mtumba, ingia na tochi na sarafu. Gonga polepole kuzunguka bomba la usukani, kuzunguka ekseli ya pedeli, mabomba mawili ya nyuma yanayoshika gurudumu, na pale nguzo ya kiti inapobanwa. Sauti iwe kavu na ileile. Ikigeuka ghafla ikawa butu, kama unagonga kadibodi iliyolowa, safu za ndani zimeachana. Rangi iliyopulizwa upya sehemu moja tu ni sababu tosha ya kuondoka.

Chomoa na uma wa mbele uangalie bomba lake la juu. Hapo ndipo wengi hawaangalii, na hapo ndipo pakivunjika huna la kufanya, meno yanakutana na lami. Mtu aliyebana shingo ya usukani kwa nguvu za mkono, bila spana ya kupimia, anaweza kuwa ameshalipasua. Shingo nyingi huandikwa kipimo cha kukaza juu yake, mara nyingi Nm 5, na 5 ni kidogo kuliko mafundi wengi wanavyodhani.

Halafu nguzo ya kiti. Iwe kaboni au alumini, mwombe muuzaji ailegeze na kuizungusha mbele yako. Ya alumini iliyokaa miaka bila grisi ndani ya fremu ya chuma au kaboni hushikana kama imechomelewa. Isipozunguka, huwezi kuweka sm 70.6 zako, na baiskeli hiyo hata iwe nusu bei haikufai.

Diski_Bukoto

Mimi nina maoni tofauti kuhusu bajeti. Kama 1,400,000 ipo, ivute hadi 1,600,000 achukue yenye breki za diski na gia 11. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zinajaza barabara tope jekundu. Breki za rimu zinakamata tope hilo na kulisaga rimu kila unapobana. Misimu miwili mitatu ya mvua na rimu imeliwa. Diski inachakaa yenyewe, rimu inabaki. Na fremu za diski nyingi zinapokea tairi la mm 32, ambalo kwa mashimo yetu ni neema.

GololiTororo

Hoja ya tope ni ya kweli, nakubaliana nawe. Rimu inaliwa, na wengi hawaipimi hadi ipasuke. Lakini angalia mtu mwenyewe amesema 1,400,000 ndio mwisho. Akitoa 1,600,000 atapanda na matairi gani? Diski za maji zinahitaji mafuta yake maalumu na mtu anayejua kutoa hewa. Diski za waya zinavumilika, ila raba zake si kila duka linazo, na umbo hutofautiana kwa kila aina ya breki. Magurudumu nayo ni ya ekseli tofauti: ukipinda rimu ukiwa Lugazi hupati la kuazima.

Ikitokea yenye diski za waya, ukubwa 53 au 54, kwa bei ileile, achukue bila kusita. Asivute bajeti kwa sababu ya diski. Kwa breki za rimu kinga ni ndogo tu: ukitoka mvuani, mwagia rimu maji na uzifute, kisha toa vipande vya mchanga na alumini vilivyonasa kwenye raba kwa ncha ya pini. Hivyo vipande ndivyo vinavyokula rimu kuliko raba yenyewe.

Kilima_Muyenga

Hakuna aliyegusa gia za B, na hizo ndizo zingemuua kwanza, hata kama ukubwa ungekuwa sawa.

Meno 53/39 mbele na 25 nyuma ni mpangilio wa mtu anayeshindana kwenye tambarare. Kampala ni vilima. Fanyeni hesabu na mimi. Gurudumu la 700 lenye tairi la mm 25 linazunguka mita 2.1 hivi. Gia nyepesi kabisa ya B ni 39 kwa 25, kila mzunguko wa pedeli unakwenda mita 3.28. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, uko kilomita 11.8 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 10, kwa kilo 88 za mtu na baiskeli, hiyo ni kama wati 280 kabla hujahesabu upepo na msuguano. Anayeanza hawezi kuzishikilia. Atashuka asukume, au atakanyaga mizunguko 40 kwa dakika hadi magoti yaanze kuuma kwa mbele.

Sasa weka 34 mbele na 28 nyuma: kilomita 9.2 kwa saa, wati 220. Weka 34 kwa 32: kilomita 8, wati 190 na kitu. Tofauti ya 280 na 190 ni tofauti ya kufika juu ya kilima cha Muyenga umekaa na kufika unasukuma. Hata kundi la juu kabisa la Shimano, Dura-Ace ya gia 12, lina kaseti inayofika meno 34. Hakuna aibu kwenye meno mengi.

Kwa hiyo tafuta 50/34 mbele. Hesabu meno kwa kidole usitegemee maneno, au soma namba iliyogongwa kwenye sahani ya meno yenyewe. Kubadilisha 53/39 kuwa 50/34 si suala la sahani tu: mikono mingi ya pedeli ya 53/39 ina duara la boliti la mm 130, na duara hilo halipokei sahani ndogo kuliko 38. Inabidi mkono mzima ununuliwe.

Mama_Usukani_Mbale

Samahani naingilia. Mimi nina sm 158 na mguu 73. Maduka hapa naambiwa nichukue 52 "ndiyo ndogo yake". Ni kweli?

FundiSpoki_Jinja

Hapana, dada. 73 mara 0.66 ni 48. Fremu ya 52 utapanda, lakini usukani utakuwa mbali. Kwenye 48 angalia mambo mawili. Kaa, weka pedeli mbele usawa wa ardhi, geuza usukani: ncha ya kiatu ikigusa tairi la mbele, ujue hali hiyo ni ya kawaida kwa fremu ndogo zenye magurudumu ya 700, ila jifunze kutokanyaga ukikata kona ya polepole. Pili, usukani wenyewe uwe na upana wa sm 38 hivi, na levo za breki ziwe na skrubu ya kuzisogeza karibu na vidole. Levo za Shimano Sora na Claris za karibuni zinayo. Ukishindwa kubana breki ukiwa umeshika sehemu ya chini ya usukani, baiskeli hiyo si salama kwako kwenye miteremko ya Mbale.

Mama_Usukani_Mbale

Asante sana, kaka. Naenda na futi.

GololiTororo

Turudi kwa mwenye uzi na jina lililoandikwa kwenye direla, ile mashine ya nyuma inayosogeza mnyororo. Watu wanavuta bajeti kutoka Claris ya gia 8 kwenda Sora ya 9, kwenda Tiagra ya 10, kwenda 105 ya 11 (ya zamani, kama ile ya B, ni 10), kila hatua laki moja au mbili. Kwa baiskeli ya kwanza Uganda nasema bila kigugumizi: gia 8 au 9 zinatosha, na kuna sababu ya kifundi.

Direla za nyuma za Shimano za gia 7, 8 na 9, za milima na za barabara, pamoja na za barabara za gia 10 za zamani, zinavutwa na waya kwa kipimo kilekile. Ukiangusha baiskeli Mukono ukavunja direla ya Claris, direla yoyote ya Shimano ya baiskeli ya mlima ya gia 8 au 9 inafunga na inafanya kazi. Kaseti ya mlima ya gia 8 inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ileile. Mnyororo wa gia 8 unapatikana. Ukienda gia 11, au Tiagra 4700 ambayo ni gia 10 lakini waya wake unavutwa kwa kipimo cha gia 11, hazina yote hiyo ya vipuri imefungwa. Utasubiri kipuri kutoka nje, na kikifika kina nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya bei pamoja na vyote viwili.

Kitu kimoja cha kukataa kabisa, bei yoyote ile: gurudumu la nyuma lenye gia za kuskrubu. Ekseli yake inashikwa na gololi zilizo mbali na fremu upande wa mnyororo, na mtu wa kilo 78 akiruka matuta ya barabarani kila siku ataipinda, kisha itakatika. Namna ya kutambua: zungusha gia kinyumenyume huku ukitazama matundu ya spana katikati yake. Matundu yakizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti, nzuri. Yakisimama tuli gia zikizunguka, ni za kuskrubu.

Msafiri_Masaka

Mie nitasema la matairi, maana hapo hela nyingi hupotea bila sababu.

Duka ukisema "nipe tairi la 28" utapewa la baiskeli nyeusi ya mizigo. Hilo ni 28 x 1½, na kipenyo cha kukalia rimu ni mm 635. Baiskeli ya mbio ya kisasa ni 700C, yaani mm 622. Baiskeli za mbio za zamani sana zilikuwa inchi 27, ambayo ni mm 630. Tatu hizo zinafanana kwa macho na haziingiliani. La 635 kwenye rimu ya 622 litachomoka ukijaza upepo. Soma ubavuni: lazima iandikwe mfano 25-622 au 28-622. Ukikuta 630, iache, matairi yake ni taabu kupata.

Upana: chukua mm 28 kama fremu inakubali. Pima nafasi kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na mabomba, zibaki angalau mm 4 kila upande. Breki nyingi za kawaida za rimu za miaka ya nyuma zinaishia 25, baadhi zinapokea 28. Kwa uzito wako, 28 jaza psi 75 nyuma na 70 mbele. 25 jaza psi 90 nyuma na 85 mbele. Ukikuta pancha yenye matundu mawili sambamba, upepo ulikuwa mdogo na tyubu ilibanwa kati ya tuta na rimu. Tundu moja dogo sana mara nyingi ni kinyuzi cha waya kutoka tairi la lori lililopasuka. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, kitanasa pale kilipo. Ukiweka tyubu mpya bila kukitoa utarudi palepale baada ya kilomita mbili.

Valvu: nyingi zitakuwa zile nyembamba za Kifaransa. Nunua adapta mbili za shaba, ni ndogo kama kifuniko cha kalamu. Fungua kwanza kichwa cha valvu, skrubu adapta, na pampu yoyote inaingia. Fundi akikuambia atoboe rimu ili ipokee valvu nene, mkatalie. Tundu linatoka mm 6.5 hadi 8.5, na kwenye rimu nyembamba hiyo ni nyama nyingi imeondolewa.

Na kwa Jumamosi zako: barabara ya kasi ya Entebbe, ile iliyofunguliwa 2018, hairuhusu baiskeli. Baki ya zamani.

Kanyagia_Ntinda

Nimeelewa mengi kwa siku mbili kuliko miezi. Swali la hela sasa: nigawe vipi?

FundiSpoki_Jinja

Chukua ule mwisho wako, 1,400,000, na utoe theluthi moja kasoro kidogo kabla hujatazama baiskeli yoyote. Hiyo 400,000 haihusiani na muuzaji. Baiskeli inunuliwe kwa 1,000,000 au chini. Ukiona ya 1,000,000 kisha muuzaji akasema ya 1,250,000 ina gia bora, unachopewa ni gia bora na matairi ya zamani yaliyopasuka ubavuni.

Mpangilio wa kutumia ile 400,000: helmeti kwanza, kabla ya kilomita ya kwanza. Kisha raba za breki, nyaya zote za breki na gia pamoja na maganda yake, kisha mnyororo. Kisha matairi mawili na tyubu tatu (mbili ndani, moja mfukoni). Pampu ya kusimama nyumbani yenye saa ya kupimia upepo, vijiti viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi, seti ya elenki za 4, 5 na 6. Taa nyekundu ya nyuma hata mchana. Kaseti inunuliwe tu kama mnyororo umeiharibu, nitaeleza hapa chini. Tepu ya usukani inaweza kungoja mwezi ujao.

Viatu vya kujifunga kwenye pedeli viache kabisa kwa sasa. Pedeli bapa zinatosha hadi Entebbe na kurudi.

Sasa ukaguzi, kwa mpangilio huu, dakika ishirini tu:

1. Rula juu ya mnyororo. Pini 24 mbele kutoka pini ya kwanza, mnyororo mpya ni mm 304.8. Ukifika 306.3, mnyororo ni wa kubadilishwa hivi karibuni. Ukifika 307.8, mnyororo na kaseti vyote vimekwisha, na mnyororo mpya utaruka kwenye meno ya zamani kila unaposimama kukanyaga.
2. Kidole kwenye uso wa rimu. Uwe bapa. Ukihisi umebonyea kama kijiko, rimu imeliwa. Nyingi zina kitundu au mfereji wa alama. Ukiwa umetoweka, hesabu rimu mpya.
3. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye gololi za usukani. Kikihisi mtikiso, zimelegea. Kisha inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani taratibu: ukinasa katikati kama kuna kijishimo, gololi zimechimba, zibadilishwe.
4. Shika mikono ya pedeli, isukume kushoto na kulia kuelekea fremu. Isicheze.
5. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa. Direla ya nyuma ining'inie wima chini ya kaseti. Ikiegemea spoki, hanga (kipande cha fremu kinachoshika direla) imepinda. Hanga ya alumini inaweza kunyooshwa mara moja kwa chombo chake. Ya pili inakatika.
6. Pitisha macho kwenye kila kiungo cha fremu ya alumini. Mstari mwembamba mweusi unaofuata weldi ni ufa. Alumini usiipeleke kuchomelewa na fundi wa madirisha: joto linaondoa ugumu wa fremu pale pembeni, na ufa unarudi kando ya weldi.
7. Soma namba ya fremu chini ya ekseli ya pedeli. Iandikwe kwenye mapatano ya kununua, pamoja na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Namba iliyokwanguliwa, ondoka.

Kilima_Muyenga

Ongeza la nane: mbebe sumaku ndogo. Wauzaji wengine huita kila kitu "aloi". Sumaku ikinasa, ni chuma. Chuma si kibaya, ila gonga chini ya ekseli ya pedeli na utikise fremu: kutu ya ndani hutoa sauti ya mchanga.

Kanyagia_Ntinda

Nimepata C. Alumini (sumaku haikunasa), mstari wa usawa sm 54, Claris gia 8, mbele 50/34, nyuma 11-28, matairi 25-622 yamepasuka ubavuni. Nguzo ya kiti inazunguka. Rimu bapa, alama bado inaonekana. Usukani haunasi. Direla imesimama wima. Mnyororo: mm 308. Bei 950,000.

GololiTororo

Hiyo ndiyo. 308 inamaanisha mnyororo na kaseti vinaondoka, na matairi pia. Mwonyeshe muuzaji rula, mhesabie vitu hivyo vitatu mbele yake kwa utulivu, na umwombe apunguze. Usibishane kuhusu rangi wala mikwaruzo.

Kwa kuwa kaseti inanunuliwa hata hivyo, usirudishe 11-28. Tazama nyuma ya mkono wa direla: ikiandikwa GS, mkono ni mrefu, nunua 11-32. Ikiandikwa SS, baki 28.

Kupima mnyororo mpya: uzungushe kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, uvute ukutane, kisha ongeza pingili mbili zenye pini mbili na ukate hapo. Ukiukata mfupi, siku utakayokosea ukaweka kubwa kwa kubwa direla itang'oka pamoja na hanga.

Kanyagia_Ntinda

Amekubali 870,000. GS imeandikwa. Nachukua kesho asubuhi.

FundiSpoki_Jinja

Vizuri sana. Ukishafunga nyaya mpya, gia zitaanza kusitasita baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu maganda yanajikaza. Haijaharibika. Pale waya unapoingia kwenye direla kuna kinobu. Kigeuze robo mzunguko kinyume cha saa, jaribu, rudia. Siku hiyohiyo kaza boliti mbili za mkono wa pedeli wa kushoto, kila moja kidogo kwa zamu, hadi Nm 12 hadi 14, na ubinye spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu la nyuma. Ukikuta iliyolegea kuliko jirani zake, mpelekee fundi kabla hujaenda Jinja.